Moja Kumi na Tisa

Nguzo za simu toka kituoni hadi langoni petu
zilikuwa kumi na tisa. Baba alizisimika mwenyewe,
ardhi ya Valmiera ikiwa imeganda, ngumu kama deni,
kila shimo akiliwashia moto kwanza.
Jioni, buti zikivuja theluji jikoni,
alichora nyuma ya risiti ya makaa:

1111111111111111111

"Soma." Nikasema, ua wa mbuzi.
"Ni namba," akasema. "Nitafutie kinachoigawa."

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyoingia nyumbani.

Moja zikiwa tatu, ni thelathini na saba mara tatu;
hilo hata mimi nililiona.
Zikiwa tano, mlango upo: 41 kwa 271.
Zikiwa saba, Baba alihangaika wiki nzima
hadi akazifuma 239 na 4649 kitanda kimoja,
akatuamsha usiku wa manane kututangazia.
Lakini zikiwa kumi na tisa
unabisha hodi, unabisha, ndani kimya.

Alianguka kutoka nguzo ya kumi na mbili.
(Upepo, waliandika wakubwa wa posta. Upepo tu.)
Daftari lilikuwa limefika ukurasa wa arobaini na nne.
Shangazi Vizma, karani wa kiwanda cha maziwa,
akaja na sufuria zake na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono,
akatupokea watoto wanne kama anayetia sahihi mzigo.
Hakulia mbele yetu. Alikalia kiti cha kaka yake,
akachonga penseli,
akafungua ukurasa wa arobaini na tano.

Alimzidi ujanja. Hakubisha kila mlango.
"Kigawanyo kama kipo," alisema akikata mkate mweusi,
"ukikigawa kwa thelathini na nane, lazima ibaki moja.
Wengine tuwaache walale."
191: ikabaki 84.
229: ikabaki 180.
419: ikabaki 225.
Theluji, matope, theluji. Serikali moja ikaondoka, nyingine ikaja,
na daima kulikuwa na kilichobaki.

"Tasa," walimsengenya kwenye foleni ya sukari,
mwanamke aliyepiga pasi mashati yetu manne
kila Jumapili usiku.

Mwaka jana mwanangu Jorens aliiingiza kwenye kompyuta.
Mvuke wa chai haukupata hata nafasi ya kupinda.
"Namba tasa," akasema. "Haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe."
Shangazi, miaka themanini na tisa, akaweka penseli chini.
"Mashine yako imejaribu vigawanyo vingapi?"
"Haijajaribu, bibi. Ipo njia ya mkato."
"Njia ya mkato," akarudia,
kama mtu aliyeonja maziwa akayakuta yamechacha.

Usiku ule sikulala. Nani aliipa jina hilo?
Tasa hazai. Hii inazaa:
izidishe kwa mbili, kwa tatu, kwa lolote,
watoto wake hawana mwisho.
Inachokosa ni wazazi. Hakuna namba mbili ndogo
zilizowahi kukutana popote zikaifanya.
Ni yatima, basi. Ingeketi nasi mezani
tusingeitofautisha.

Nguzo wameshazing'oa; waya siku hizi hupita chini ya ardhi.
Mashimo yamejaa nyasi, isipokuwa la kumi na mbili,
ambalo Shangazi hulipalilia, hasemi kwa nini.

Jana nimemkuta kafungua daftari jipya.
"Nini tena?"
"Moja ishirini na tatu," akanijibu, miwani puani.
"Safari hii ni arobaini na sita, ibaki moja. Nyamaza, naanza."
Jorens alishafungua kinywa. Jibu analo.
Nikamkanyaga mguu chini ya meza,
kwa nguvu.